Punje Alipokataa Kubaki Punje

Katika darasa la Kiswahili sote tumefunzwa hali ya wastani, udogo na ukubwa. Mbwa katika wastani ni mbwa. Katika udogo ni kijibwa. Katika ukubwa ni jibwa. Mtahini akiuliza, unajaza pengo, unapata alama yako moja na kuendelea na swali jingine. Lakini yuko mtu aliyetoa pesa zake, tena pesa za jasho, akanunua kijibwa, na kabla mwaka haujaisha akajikuta anafuga mbwa kamili. Huyo hana mtahini wa kumlalamikia. Haya nimeyaona kwa macho yangu katika nyumba ninayolala, na ndiyo sababu nimeshika kalamu ili niwaeleze wenzangu pamoja na walimu wetu wapendwa.

Kwetu ni Kitale, upande wa Kiminini. Wazazi wangu hulima mahindi kama watu wengi wa Trans Nzoia. Mimi ninasomea hapa Bungoma, na kwa kuwa ni mwanafunzi wa kutwa, ninakaa kwa dada yake baba. Sisi Wabukusu humwita senge. Senge ni fundi wa cherehani. Mumewe aliaga dunia, na binti yake wa pekee ameolewa mbali, Mombasa. Wakati huo tulikaa kwenye ploti moja ya vyumba vinane karibu na mjini, mwendo wa dakika 10 tu hadi lango la shule. Kengele ya kwanza ilinikuta nikifunga kamba za viatu, na bado nilifika kabla ya mwalimu wa zamu.

Senge alitaka mbwa. Si mbwa wa kulinda, kwani ploti ilikuwa na lango na bawabu. Alitaka kiumbe cha kumtazama. Aliniambia, "Mchana nina cherehani, jioni nina wewe na vitabu vyako. Lakini wewe nawe utamaliza Fomu Foo uende. Nitaongea na nani, na pasi?"

Tatizo lilikuwa mwenye nyumba. Mzee yule hakupenda mbwa hata kidogo. Senge alimbembeleza muda mrefu, akamshonea na suti ya harusi ya mwanawe kwa bei ya chini, hatimaye akakubali kwa sharti moja. "Awe mdogo kama paka. Siku akishinda paka, mama, mimi sitaki maneno." Hakuandika popote, ila katika ploti ile neno lake lilikuwa sheria.

Hivyo senge akaanza kumsaka mbwa asiyekua. Siku moja mteja alimwonyesha picha kwenye simu: kilebu mweupe pepepe, ameketi ndani ya kikombe cha chai, macho meusi mawili na pua kama punje ya pilipili manga. Muuzaji alikuwa Kitale. Alisema ni mbwa aina ya Maltese, ana miezi 3, na kwamba hapo alipofika ndipo mwisho wa kukua kwake. Bei shilingi 18,000. Senge alishona sare za shule usiku na mchana, kuanzia Novemba hadi wanafunzi waliporudi Januari, na sehemu kubwa ya faida aliiweka kando kwa ajili ya kikombe kile.

Jumamosi moja ya likizo ya Aprili 2024 tulipanda matatu asubuhi na mapema. Tulipita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na makonde yalikuwa meusi, watu wakipanda. Nilidhani tutaelekezwa nyumbani kwa muuzaji, lakini alituambia tumngoje stegi. Alikuja kijana mmoja mchangamfu akiwa na katoni ya sabuni chini ya kwapa. Ndani ya katoni mlikuwa na kile kijibwa, kimelala juu ya fulana kuukuu.

"Si mwone wenyewe," alisema. "Hii ndiyo ile ya kubeba kwa mkoba. Haikui tena. Hapo imefika."

"Na mama yake ni mkubwa kiasi gani?" niliuliza.

"Mama yake ako kwa bosi wangu, mbali kidogo. Ni kadogo tu, kama haka."

"Na kadi ya chanjo?"

"Hiyo nitawatumia. Mama, ukichelewa kuna mtu wa Eldoret anaikujia saa sita."

Mwalimu wetu wa Kiswahili hukipiga kalamu nyekundu kiambishi hiki cha "ka", akisema si sanifu. Siku hiyo niliona kwamba kina nguvu kuliko kalamu. "Kadogo," "haka," "kanakula kidogo tu": kila "ka" ilimlegeza senge moyo. Mimi ni mtoto, na mwenye pesa ndiye huamua. Senge alimtia kilebu kwenye kiganja, naye akamlamba kidole. Biashara ikaisha hapo. Pesa zilitumwa kwa simu, kijana akatoweka katikati ya matatu kama moshi. Kwa kuwa Kitale ni mji wa mahindi, senge alimpa mbwa wake jina la Punje.

Tuliporudi, baada ya Kamukuywa, niliona Punje anatetemeka. Kisha kutetemeka kukaisha, na hilo likawa baya zaidi. Kichwa chake kikaning'inia kwenye mkono wa senge kama kitambaa kilicholowa. Ufizi wake ulikuwa mweupe. Abiria mmoja akasema ni baridi, mwingine akasema ni matatu inamsumbua tumbo. Senge hakusema kitu. Alimfunga ndani ya leso na kumweka kifuani, midomo yake ikichezacheza. Nadhani alikuwa akiomba.

Tulishuka Webuye tukakimbilia duka la kwanza la dawa za mifugo. Bahati yetu, daktari wa mifugo alikuwepo. Hakuchukua sindano wala kidonge. Alichota glukosi ya unga, akailowesha, akampaka Punje kwenye ufizi kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo. "Amekula saa ngapi?" aliuliza. Hatukujua. Tulikuwa naye tangu saa nne na hakuna aliyetuambia kwamba kilebu mdogo hivyo hana akiba mwilini. Mtu mzima akikosa chakula cha mchana hununa tu. Kilebu wa uzito ule akikaa saa kadhaa bila kula, sukari ya damu hushuka, akalegea, akazimia, na akiachwa hufa. Dakika kama 15 zilipita. Punje akafungua jicho moja, kisha akaanza kunyonya kidole cha daktari. Senge akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku na kulia waziwazi.

Hapo ndipo daktari alipomfungua Punje mdomo na kututazama. "Mliambiwa ana umri gani?"

"Miezi mitatu," nilisema.

"Huyu hajamaliza hata wiki sita."

Alitueleza vizuri kama mwalimu wa Bayolojia. Mbwa huzaliwa bila meno. Meno ya utoto huanza kuchomoza akiwa na wiki 3 hivi, na hadi kufikia wiki 8 huwa na yote 28. Punje alikuwa na yale ya mbele, lakini ya nyuma ndiyo kwanza yanachungulia. Kwenye mizani alikuwa na gramu 900. "Kwa miezi 3," daktari alisema, "gramu 900 ingekuwa mbwa mdogo sana. Kwa wiki 5 au 6, huyu ni mtoto wa mbwa wa kawaida kidogo, aliyetolewa kwa mama yake mapema. Tena ngojeni masikio. Maltese masikio yake hulala. Haya yakisimama, mjue mlinunua kitu kingine."

Senge alipiga simu Kitale. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Basi, tulikuwa tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, ila mbuzi mwenyewe alikuwa mbwa.

Baada ya siku ile nilianza kusoma kila nilichopata kuhusu mbwa wadogo, na ningependa niwagawie wenzangu.

Mbwa wadogo kweli wako. Chihuahua, waliopewa jina la jimbo la Meksiko, huwa na kilo 3 hivi au chini ya hapo. Yorkshire Terrier, waliokuzwa kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19, hawatakiwi kuzidi kilo 3.2 hivi. Maltese, kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la FCI lililoundwa mwaka 1911 na lenye makao yake Ubelgiji, huwa na kilo 3 hadi 4. Ona basi: hata Maltese halisi aliyekomaa hatoshi ndani ya kikombe cha chai. Anayetosha kikombeni ni mtoto. Wako wachache wa ajabu, kama Pearl, mbwa wa kike wa aina ya Chihuahua huko Florida, Marekani, ambaye mwaka 2023 alitangazwa kuwa mbwa mfupi kuliko wote walio hai. Kimo chake kilikuwa sentimita 9.14. Lakini huyo aliingia kwenye vitabu vya rekodi kwa sababu hana wenzake.

Wauzaji husema "mbwa wa kikombe" kana kwamba ni kabila la mbwa. Si kabila. Hakuna chama kikubwa cha mbwa duniani kinachoitambua aina hiyo. Mbwa akiwa mdogo kupita kiasi, mara nyingi ni mmoja kati ya hawa: mtoto ambaye umri wake umeongezwa kwa mdomo, mgonjwa, aliyenyimwa chakula, au aliyezaliwa na wazazi waliochaguliwa kwa udogo bila kujali afya. Huyo wa mwisho naye ana taabu zake. Mifupa yake huvunjika akiruka tu kutoka kwenye kiti. Utosi wake huenda usifunge. Magoti huteguka, na koo hubanwa na ukosi, hivyo ni afadhali kumfunga mshipi wa kifuani.

Kisha liko suala la urithi. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na sayansi haijawapinga. Mwaka 2007 wanasayansi walieleza kwamba jeni moja iitwayo IGF1 ina mchango mkubwa katika kuwafanya mbwa wengine wawe wadogo. Udogo huo hutoka kwa baba na mama, haumo katika maneno ya muuzaji. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtu yeyote anayeuza kilebu ni hili: mama yake yuko wapi, nimwone?

Turudi kwa Punje. Jirani yetu mmoja hununua vyuma kuukuu, ana mizani ya kuning'iniza. Kila mwisho wa mwezi tulimtia Punje kwenye kiondo, tukamning'iniza, nami nikaandika nyuma ya daftari langu la Hesabu. Wiki 8, kilo 1.6. Miezi 3, kilo 2.9. Alipofika miezi 4 masikio yalikuwa yamesimama wima kama pembe tatu, mkia umejikunja juu ya mgongo, na mizani ikasema kilo 4.1. Paka wa ploti, tuliyempima siku hiyo hiyo kwa taabu na mikwaruzo, alikuwa na kilo 3.8.

Daktari wa Webuye alipomwona tena siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, alicheka. "Huyu ni Japanese Spitz, au karibu sana na huyo." Kumbe mbwa hawa weupe ni wengi mno katika miji yetu ya Kenya. Asili yao ni Japani, ambako walikuzwa katika miaka ya 1920 na 1930, na chama cha mbwa cha huko kikapitisha kanuni zao mwaka 1948. Kimo chao akiwa dume ni sentimita 30 hadi 38. Ni mbwa mzuri, mchangamfu, mwenye manyoya ya tabaka mbili yanayopukutika kila pahali. Kasoro yake ilikuwa moja tu: si yule aliyelipiwa.

Manyoya hayo ndiyo yaliyotuchongea. Mwenye nyumba alikuja mwezi wa Agosti kukusanya kodi, akakuta mafungu meupe kwenye korido kama mtu amepasua mto. Akamwona Punje, akamwona paka, akatazama mmoja kisha mwingine. "Mama, tulikubaliana nini?" Hakufoka. Alitoa muda hadi mwisho wa Septemba: mbwa aondoke, au sisi sote tuondoke.

Majirani walikuja na ushauri, kila mmoja na wake. Mmoja alisema tumpeleke soko la Chwele siku ya soko tumwachilie huko, atajitafutia. Wazazi wangu walisema tumlete Kiminini, lakini kule mbwa hufungwa mchana na kulala nje, na huyu alikuwa amezoea kulala chini ya cherehani. Ushauri wa tatu ndio uliokuwa mtamu kuliko yote. Mteja mmoja alisema yuko mama mtaani kwake anatafuta mbwa mweupe mdogo, ana shilingi 12,000 mkononi. "Mwambie ni Maltese, tena bado ni mtoto. Wewe si ulivyoambiwa ni hivyo hivyo?"

Shilingi 12,000 ni sare ngapi za shule? Nilimwona senge akipiga hesabu kichwani. Mashine ilisimama. Kisha akasema, "Mimi nilidanganywa mara moja, uongo ukaishia kwangu. Nikimuuzia yule mama, uongo utakuwa umezaa." Akakanyaga mashine tena.

Wiki mbili baadaye alitangaza kwamba amepata nyumba upande wa Kanduyi, yenye ua wake mdogo na lango la mbao. Kodi ilikuwa juu kidogo. Na shule ilikuwa mbali: mwendo wa dakika 45 kwa miguu, asubuhi na jioni. Sitaficha, nilinuna. Nilikuwa Kidato cha Pili, masomo yamezidi, na sasa ningekuwa nikiamka saa kumi na nusu kwa sababu ya mbwa! Nilimwambia senge, kwa heshima lakini kwa uchungu, kwamba ameweka mbwa mbele yangu.

Senge hakukasirika. Alikuwa akiteremsha pindo la suruali yangu ya shule wakati huo. Akainua ile suruali akanionyesha mistari mitatu ya zamani ambapo pindo lilikuwa limefunguliwa. "Tazama," alisema. "Ulipokuja kwangu Fomu Wani ulikuwa hivi. Nimeteremsha hapa, nikateremsha hapa, na leo tena. Nguo ikiisha nitanunua nyingine. Kuna siku nilikwambia uende kwenu kwa sababu unakua?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa sijalipata. Tulihama Jumamosi ya mwisho ya Septemba kwa mkokoteni mmoja na bodaboda mbili, Punje akiwa mbele ya cherehani, ulimi nje, kama diwani anayezuru kata yake.

Sasa niko Kidato cha Tatu. Punje alipofika miezi 10 tulimpima mara ya mwisho: kilo 8.1, na tangu hapo hajaongezeka sana. Mbwa wadogo huacha kukua karibu na mwaka mmoja, wakati majibwa makubwa huendelea hadi mwaka na nusu au miaka miwili. Ninapotoka alfajiri hunisindikiza hadi langoni, na ninajua kwamba nyuma yangu senge hayuko peke yake. Katika zile dakika 45 ninakariri ngeli na methali, kwa hiyo hata mtihani wa mwisho wa muhula nimepata faida.

Wenzangu mtakaokuja kununua kilebu siku moja, shikeni haya machache. Nendeni nyumbani anakofugwa, msikubali kukutanishwa stegi. Mwoneni mama yake, na baba ikiwezekana. Msimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Mtazameni meno. Ulizeni kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari, na mkiambiwa ni wa ukoo safi, ulizeni karatasi za East Africa Kennel Club ya Nairobi. Akiwa mdogo sana, mlisheni mara nne kwa siku na msisafiri bila glukosi au asali. Apigwe sindano ya kichaa cha mbwa anapofika miezi 3. Picha ya kikombe msiihesabu, kwani vikombe navyo vina ukubwa wake.

Na kabla ya kutoa hata shilingi moja, jiulizeni kama mtakuwa tayari kumlisha na kumlaza akizidi kipimo mlichoahidiwa. Kama jibu ni la, muacheni. Afadhali kikombe kibaki na chai.